Hivi bendi za bagipaipu zinadhani ngoma zinajipiga zenyewe??

Wakuu salaam, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Niko Glasgow, napiga snea (ngoma ndogo ya vijiti, yenye sauti ya kukwaruza) kwenye bendi ya bagipaipu, yale mazumari ya mfuko ya Waskoti, bendi ndogo tu ya daraja la 4, jina sitaji. Jana tulikuwa mashindanoni, kwenye ngoma jaji katuweka wa kwanza, kwenye zumari tumeshika nafasi ambayo hata kuitaja naona aibu. Jioni paipu meja, yaani kiongozi wa wapulizaji na wa bendi, kasimama baa kutoa shukrani: kashukuru wapulizaji mmoja mmoja kwa jina, kashukuru dereva wa basi, mpaka aliyeleta sandwichi kashukuriwa. Sisi wa ngoma kimyaaa. Halafu picha ikarushwa kwenye grupu, wapulizaji wote full, sisi tumekatwa, vinaonekana vijiti tu!!

Sasa kuna watu humu watasema mpiga ngoma ni msindikizaji. Msindikizaji wa nani? Paipu meja akishatoa amri wa kwanza kulia ni snea, tunapiga rola (vijiti vinatetemeshwa haraka mpaka ngoma inavuma mfululizo) mbili za hatua tatu tatu, na ndani ya hizo rola ndo wapulizaji wanaamsha mifuko yao ili waingie pamoja. Rola ikiyumba bendi nzima inaingia vipande vipande na majaji washaandika. Mwendo je? Yule wa ngoma kubwa ya besi ndo anaushika. Na bendi ikienda mbio tunaambiwa "ngoma mnakimbiza", ikienda vizuri eti paipu meja ana masikio. Khaa!

Na hili ndo wengi hawalijui, bagipaipu haina kupunguza sauti. Ukishaijaza upepo inalia kwa nguvu ileile mwanzo mwisho, huwezi hata kunyamaza kidogo kati ya noti na noti. Kwa hiyo ule muziki kupanda na kushuka mnaousikia mpaka nywele zinasimama unatoka kwetu, lidi dramu (kiongozi wa wapiga snea) anapiga peke yake kwa utaratibu, mara kikosi kizima kinamdaka kwa pamoja na muziki unanyanyuka, huku wale wa "tena dramu", ngoma za sauti ya kati, wanazungusha vipigio hewani. Toa ngoma uone kama utavumilia dakika tano.

(Yule mwenye fimbo ndefu anayetembea mbele ni dramu meja, msimchanganye na lidi dramu. Yule hapigi kitu, na kwenye duara la mashindano hayumo.)

Mpiga snea Alex Duthart wa bendi ya Shotts and Dykehead, aliyefariki 1986, alichota mitindo ya wapiga ngoma wa Basel kule Uswisi akaiingiza kwenye snea za Uskoti, mpaka leo tunapita njia aliyoifungua yeye. Jim Kilpatrick kachukua ubingwa wa dunia wa snea ya mtu mmoja mara 16. Mara 16 jamani! Simamisha mtu yeyote barabarani hapa umuulize ni nani, atakukodolea macho.

Kwenye majaji nako, kawaida ni wanne, wawili wa zumari, mmoja wa ngoma, mmoja anasikiliza bendi nzima. Sawa, zumari wapewe wawili sina ugomvi, ila huyo wa nne anasikiliza nini kama sio jinsi ngoma na zumari zinavyoshikana?

Bado hela. Vitete vya zumari bendi inanunua, vijiti tunanunua wenyewe. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, ila hizi za huku ngozi yake ni Kevlar, ile ya fulana za kuzuia risasi, imekazwa ngumu kama meza, ukipiga vibaya ni mkono ndo unapasuka sio ngoma. Kwetu Bongo mpiga ngoma akikolea anatuzwa, noti zinabandikwa kwenye paji la uso. Huku hata asante hamna.

Wadau mlioko Muscat, najua majeshi ya Oman yana bendi za bagipaipu, huko lidi dramu anaheshimiwa au ni yaleyale? Nijibuni kabla ya Alhamisi maana mazoezi ya wiki hii nimepania kuliamsha. Na wale wa kuniambia "hama bendi" mkae kimya, bendi nyingine iko mbali, sina gari, na snea mnaijua uzito wake.