Kindle ya mtumba ama niendelee tu na vitabu vya inama?

MsafiriWaRongai
Wasee habari zenu. Mimi natoka Rongai kila asubuhi kwenda tao na jioni narudi, na mnaijua jam ya Lang'ata Road, kuna siku namaliza masaa matatu nzima ndani ya mat, na hapo ndio nasomea. Miaka yote nimekuwa mtu wa inama, vile vitabu vya mtumba hutandazwa chini kando ya barabara, kitabu nanunua 100 ama 150, nikimaliza napatia dada yangu. Sasa kuna jamaa anauza Kindle ya mtumba, ile mashine ya Amazon ya kusomea vitabu vya dijitali, inchi sita, 9,000. Nimepiga hesabu nikaona hiyo ni vitabu 60 vya 150 aki. Simu nilijaribu ikanishinda, macho yanauma alafu kila dakika mbili meseji, na kushika simu karibu na dirisha la mat jioni ni kujitafutia. Niichukue ama nitajuta?

mama_wa_wawili
Chukua bana. Yangu iko mwaka wa nne na sijawahi kujuta. Hiyo skrini haifanani na ya simu hata kidogo, ndani kuna punje ndogo ndogo nyeusi na nyeupe, umeme unazisukuma juu ama chini na zikishakaa zimekaa, haitumii nguvu mpaka ufungue ukurasa mwingine, ndio maana chaji inaenda wiki na wiki. Alafu juani ndio inasomeka vizuri zaidi. Juzi stima ilipotea kwetu siku mbili, simu zote za nyumba zikazima, mimi niko tu kwa kitanda na riwaya yangu ju taa iko ndani yake. Lakini uliza kama hiyo yako iko na taa!! Zile za bei ya chini zilianza kuwekwa taa 2019, ikiwa ni ya kabla ya hapo, jioni kwa mat yenye wamezima taa utaishika tu kama kibao cha chapati.

fundi_wa_kayole
Mambo mawili kaka. Kwanza usitoe pesa kabla hujaiona imetolewa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza na ukaingiza yako hapo hapo, beba hotspot. Kama iliibiwa na mwenyewe akaripoti, inaweza kufungiwa na utabaki na kioo. Pili, wewe unasoma nini? Kama ni riwaya sawa, maandishi unayaongeza vile unataka. Lakini kama ni zile PDF za fotokopi watu hutumiana kwa magrupu, kwa inchi sita zinakaa kama ile karatasi hukunjwa ndani ya pakiti ya dawa. EPUB nayo, ile faili ya kawaida ya vitabu vya dijitali, usiihamishe na waya haitafunguka, itume kupitia Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili kwa Kindle yako, tangu 2022 inakubali.

mzee_buruburu
Mwanangu, mimi nimestaafu na sina haraka, kwa hivyo nisikilize kidogo. Kitabu cha dijitali unalipia ruhusa ya kusoma tu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu ndani ya Kindle za watu ambao walikuwa wameshavilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa walirudishiwa, ndiyo, lakini vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell, 1984 na kile sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama, hebu fikiria! Na huyo dada yako atasoma nini? Utampa hiyo mashine wewe ukae ukiangalia dirisha? Tena riwaya za Kiswahili za zamani ninazozitafuta mimi huzipata pale chini kwenye gunia, huko kwa mashine nimemtuma mjukuu wangu mara nyingi akarudi mikono mitupu.

mama_wa_wawili
@mzee_buruburu hapo kwa Kiswahili umenimaliza mzee wangu, nakubali. Mimi husoma za Kizungu zaidi, na zile za kale ambazo haki zimeisha ni za bure kabisa kwa ile tovuti ya Project Gutenberg. Za Kiswahili bado nanunua karatasi, nyumba imejaa na bwanangu analalamika.

fundi_wa_kayole
Na mwizi wa mat hajawahi kunyakua kitabu cha karatasi 😂

MsafiriWaRongai
Nimerudi. Leo lunch nimeonana na huyo jamaa, taa iko, skrini safi, nikamwambia basi tuweke akaunti yangu nikulipe. Akaanza ooh hiyo utafanya ukifika nyumbani, ooh nina haraka, hotspot nimewasha yeye anaangalia barabara. Kwa skrini kumeandikwa jina la mwanamke, nikimuuliza ni nani anasema ni binamu. Nikamrudishia. Sina 9,000 za kuchezea. Nikapitia kwa inama nikabeba tatu kwa 350, na mama_wa_wawili, ukisikia mtu unamjua anauza yake, yenye taa, niandikie inbox.