Dubai–Guangzhou: tupeane uzoefu wa zile saa saba za angani

Wadau, habari za saa hizi. Wengi tunaofuata mzigo China tunapitia Dubai, na kipande cha Dubai hadi Guangzhou ndicho kinachotuvuruga hesabu. Ni kama kilomita 5,800, mwendo wa saa saba na kitu. Lakini Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne, na mbele yetu sisi kwa saa tano.

Naanza mimi. Safari ya kwanza niliondoka Dubai saa kumi alfajiri. Nikajumlisha saba, nikamwambia dada aliyekuja kunipokea kwamba natua saa tano asubuhi. Kumbe kule ilikuwa saa tisa alasiri. Alikaa pale uwanja wa ndege wa Baiyun muda wote huo, mtoto mgongoni. Hakunigombeza, alinipa maji tu ninywe. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Wewe yalikukuta yapi?

Mdau wa Mombasa: Mimi ni tarehe. Tiketi ya kurudi iliandikwa 00:15, tarehe 12. Nikajisemea saa sita na robo usiku, basi naenda tarehe 12 usiku. Nafika kaunta naambiwa ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo. Ni usiku wa kuamkia tarehe 12, jamani! Nililipia tiketi nyingine na pesa ya vitenge ikaishia hapo. Ukiona 00, mzigo uwe umefungwa tangu siku iliyotangulia.

Mama wa Kariakoo: Pole sana kaka. Na kurudi si saa saba, mkae mkijua. Huwa inakaribia nane, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi: ukienda zinakusukuma, ukirudi zinakukabili. Miezi ya Desemba na Januari ndiyo hasa. Mimi niliacha saa moja tu ya kuunganisha ndege ya Dar, nikaikosa. Siku hizi siachi chini ya tatu.

Mdau wa Zanzibar: Langu ni la Ramadhani. Msafiri ana ruhusa ya kula, ila nilishatia nia, na ndege iliondoka Dubai saa nne asubuhi. Tulikuwa tunaelekea usiku unakotokea, jua likashuka haraka kuliko nilivyowahi kuona. Saa yangu ya mkononi, ya Dubai, haijafika hata saa kumi jioni, dirishani magharibi imeingia. Kijana wa kiti cha pembeni, hatujuani, akatoa tende tatu kwenye mfuko wa shati, akanipa mbili.

Mdau wa Mwanza: Naenda mwezi wa kumi, maonyesho ya biashara ya Canton hapo Guangzhou, mara yangu ya kwanza. Natua saa tatu usiku. Nilale karibu na uwanja au niende moja kwa moja Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika mjini?

Mama wa Kariakoo: Nenda Xiaobei mwanangu. Saa hiyo bado watu wanakula.