Mjadala: Bei kikomo ya petroli iondolewe, soko liamue?

Mwenye Hoja
Kuanzia Oktoba 1994 hadi Desemba 2010, Kenya haikuwa na bei ya petroli ya kutangazwa. Leo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14, na ikifika tarehe 15 vituo vingi vya Nairobi vinauza kwa bei hiyohiyo, senti kwa senti. Kikomo kimegeuka bei yenyewe. Sheria haimkatazi mtu kuuza chini yake, lakini mwenye kituo Thika Road atashindana na jirani yake kwa lipi, ikiwa faida ya wote wawili imeshapangwa? Nasema kikomo kiondolewe Nairobi na Mombasa kwanza, ambako vituo vimesongamana, kisha tuone. Mwenye hoja ya kupinga aje na hesabu.

Mhasibu wa Mafuta
Ndugu, hesabu hii hapa. Mwishoni mwa 2025 lita ya petroli (super) Nairobi ilikuwa shilingi 184.52. Ndani yake mlikuwa na ushuru wa bidhaa 21.95, tozo ya barabara 25 (ilikuwa 18 hadi Julai 2024) na tozo ya ustawishaji wa petroli 5.40. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ilitozwa juu ya vyote, hata juu ya tozo hizo. Gawanya 184.52 kwa 116, zidisha kwa 16, unapata 25.45. Jumla ni 77.80, na bado sijagusa ada ya reli na ada ya uagizaji zinazokatwa bandarini.

Ushindani wa vituo hauwezi kugusa hata senti ya pesa hizo. VAT ya mafuta ilikuwa asilimia 8 hadi mwisho wa Juni 2023. Kama ingebaki hapo bila kitu kingine kubadilika, lita hiyo ingekuwa karibu 171.80. Niambie ni kituo gani cha Thika Road kitakachokupunguzia shilingi 12 na kisifunge.

Mama Kituo
Mhasibu amesema kweli, na niongeze la uwanjani. Watu wanafikiri kituo kina faida nyingi ya kukatwa. Petroli husinyaa ikipoa, takriban sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja. Lori la lita 33,000 lililopakiwa Mombasa mchana kwenye joto la nyuzi 30, likamwaga Nairobi alfajiri kwenye nyuzi 20, kijiti cha kupimia kitaonyesha upungufu wa lita 330 hivi. Hizo ni zaidi ya shilingi 60,000 kwa safari moja, wala hakuna aliyeiba. Ndiyo maana mwenye kituo makini hupima lori kabla ya kufungua vali, hupima tangi la chini kabla na baada, husubiri mafuta yatulie, na huandika joto la pande zote mbili. Asiyefanya hivyo hulaumu dereva kila wiki.

Toa hasara hiyo, mishahara, stima na kodi ya kiwanja, uone kinachobaki cha kushindania. Tena kikomo hupangwa kwa kila mji kulingana na usafiri. Mandera huwa juu ya Nairobi kwa zaidi ya shilingi 10. Huko vituo ni vichache. Ukiondoa kikomo, mnunuzi hana pa kukimbilia.

Mwenye Hoja
Ndiyo sababu nilisema Nairobi na Mombasa kwanza, mama. Mandera sijaigusa.

Fundi wa Bomba
Naunga mkono soko huru, ila mmeanzia mwisho wa bomba. Ushindani wenye uzito uko Kipevu, kwenye gati la mafuta la Mombasa.

Kwanza, zabuni ya wazi tuliyokuwa nayo hadi 2023. Bei ya msingi ilikuwa ya soko la Ghuba, ambayo hakuna kampuni ya Nairobi inayoweza kuibadilisha. Kampuni zilishindana kwa nyongeza ya usafirishaji na huduma kwa kila tani. Aliyetaja ndogo kabisa alileta meli kwa niaba ya wote, na kila mmoja akachukua mgao wake kulingana na mauzo yake. Machi 2023 tukahamia mpango wa serikali kwa serikali na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kampuni za mafuta za Saudia, Abu Dhabi na Dubai, malipo baada ya siku 180. Nyongeza ikawekwa isibadilike: dola 97.50 kwa tani ya petroli, 118 kwa dizeli. Baadaye mazungumzo yakaishusha hadi 84 kwa petroli na 78 kwa dizeli. Tuliona basi kwamba nafasi ya kushuka ilikuwepo, lakini ilibidi serikali iombe mezani badala ya washindani kuitoa wenyewe.

Tani ya petroli ni lita 1,350 hivi. Dola 84, kwa shilingi 129 kila dola, ni shilingi 8 kwa lita. Zabuni ikiondoa dola 20 zaidi, tumepata karibu shilingi 1.90. Si nyingi, lakini ni mara nyingi ya zile senti ambazo kituo kinaweza kupunguza.

Mhasibu wa Mafuta
Na ndani ya hiyo 84 mna riba. Tuchukue mfano wa tani ya dola 700 na riba ya asilimia 8 kwa mwaka: miezi sita ya kungoja malipo ni dola 28. Mkopo huo si wa bure hata ukiitwa masharti nafuu.

Mtetezi wa Mpango
Lakini msisahau hali ya mwanzo wa 2023. Kampuni zilitafuta dola benki kwa benki zikakosa, huku shehena za zabuni zikidai malipo ya haraka. Bila zile siku 180 meli zingengoja nje ya bandari, na faini za kungoja zingeingia kwenye bei. Tulishaona Aprili 2022 foleni zilivyokuwa, pale fidia ya serikali kwa kampuni ilipochelewa: vituo vidogo ndivyo vilivyokauka kwanza. Uganda haina bei kikomo, na Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona, lita ilifika shilingi 10,000 za huko katika baadhi ya maeneo. Soko huru bila akiba ya mafuta humuumiza mnunuzi wa mwisho.

Fundi wa Bomba
Dharura ya dola nilikubali wakati ule. Dola ilishuka kutoka karibu 160 mwanzoni mwa 2024 hadi 129, ikatulia. Dawa ya dharura haistahili kuwa chakula cha kila siku. Kuhusu akiba nakubaliana nawe kabisa, na hapo ndipo ushindani unapokwama. Gati jipya la Kipevu la 2022 linapokea meli nne kwa pamoja, kwa hiyo msongamano wa zamani si kisingizio tena. Lakini ukishashusha, mafuta ya wote hupita bomba moja la inchi 20, kilomita 450 hadi Nairobi. Petroli, mafuta ya ndege na dizeli hufuatana humo humo bila kizuizi katikati, na pale yanapokutana huchanganyika. Mchanganyiko huo lazima utengwe kwenye tangi lake. Shehena ikiwa ndogo, sehemu iliyochanganyika inakula faida yote. Mwagizaji mdogo asiye na nafasi ya tangi iliyohakikishwa hawezi kuingia sokoni, hata umpe leseni kumi.

Serikali iliamua kuuza asilimia 65 ya hisa za kampuni ya bomba. Bomba halina mshindani, mmiliki awe serikali au mwekezaji. Bila ada iliyodhibitiwa na kanuni ya wazi ya kugawa nafasi ya matangi, tutakuwa tumebadilisha mwenye mlango tu.

Stima Kwanza
Na nishati yetu wenyewe? Mafuta ya Turkana hayatashusha bei ya Nairobi. Yana nta nyingi, yakipoa huganda, kwa hiyo bomba la Lokichar hadi Lamu, zaidi ya kilomita 800, litahitaji kupashwa moto. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kazi 2013. Tutauza ghafi kwa bei ya dunia na kununua petroli kwa bei ya dunia.

Umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria ndio wa nyumbani. Bodaboda ya petroli inayotumia lita 2.2 kwa kilomita 100, kwa bei ile ya 184.52, inachoma shilingi 406. Ya umeme inahitaji yuniti 3.5 hivi. Bei ya msingi ya kuchaji magari ya umeme iliyowekwa 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku. Hata tozo zikiifikisha 20, ni shilingi 70. Betri ina gharama yake, kwa hiyo anayebadilisha betri hulipa zaidi. Kinachoharibu ni kuchaji kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, wakati mitaa yote imewasha taa na transfoma zimelemewa. Vituo vya kuchaji vifungwe mita inayotofautisha saa, na Sheria ya Kawi ya 2019, iliyofungulia mlango wasambazaji wengine wa umeme, itekelezwe. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, bado haina mshindani mtaani.

Mama Kituo
Hilo la mita nalikubali, wenye vituo tuna viwanja na stima tayari. Ila mtueleze laini ya kilowati 100 italipiwa na nani, maana transfoma mpya kwa sasa hulipwa na anayeiomba.