Naomba ushauri: nazihifadhije mbegu za maboga ya kienyeji?

Wakuu, habari zenu. Niko milima ya Uluguru, Morogoro. Nakusanya mbegu za maboga ya kienyeji kwa kina mama wa vijiji vya huku, maana yanapotea: vijana wanapanda mbegu za dukani, na bibi akifariki mbegu zake zinaondoka naye. Kila mbegu naandika kijiji, mwinuko na jina wanaloliita wenyewe.

Kuyatofautisha natazama kikonyo. Kikiwa kigumu, chenye pembe tano na kimetanuka pale kinaposhika boga, hiyo ni jamii ya maboga iitwayo kitaalamu moschata. Kikiwa cha mviringo na laini kama kizibo, ni jamii nyingine, maxima. Hapo sina shida.

Shida ni nyuki. Maboga ya jamii moja yakiwa jirani yanachanganyika hata kama sura ni tofauti, na mwaka huo huoni kitu. Utaona ukipanda mbegu zake. Kwa hiyo jioni nafunga kwa uzi maua ya kike na ya kiume yanayokaribia kuchanua, alfajiri nachavusha kwa mkono, kisha nafunga tena la kike. Lakini msimu wa mvua mengi yanaoza na kudondoka.

Mliofanya hivi, mnayakinga vipi? Nichukue mbegu kwenye mashina mangapi ili aina isidhoofike? Na aliyewahi kupeleka mbegu benki ya taifa ya mbegu kule Arusha: wanapokea kwa mtu binafsi? Jina la mama aliyezitoa linaandikwa? Hilo kwangu ni lazima, mbegu ni zao.