Mrejesho: chmod iliyokuwa haishiki kwenye WSL

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Kwa ambao hawakuona: ufunguo wangu wa ssh (faili ya kuniingiza kwenye seva ya mbali) ulikuwa kwenye diski C ya Windows, nami nautumia ndani ya Ubuntu, aina ya Linux, kupitia WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Kila nikijaribu kuingia kwenye seva, ssh inaukataa, eti ruhusa za faili ni 0777, yaani wazi kwa kila mtu, ziko wazi mno. Napiga chmod 600, amri ya kubadili ruhusa ili mwenye faili tu aisome na kuiandika, haileti kosa lolote, lakini nikitazama kwa ls -l naona rwxrwxrwx, yaani 777 ileile. Hata kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, hola.

Aliyesema mchawi ni /mnt/c, folda ambamo Ubuntu inaiona diski C, alipatia. Faili za huko zinakaa kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, wenye utaratibu wake wa ruhusa. Zile 777 WSL inajionyeshea tu, na haina pa kuandikia ruhusa za kilinuksi mpaka uiambie. Basi nikafungua /etc/wsl.conf, faili ya mipangilio ya WSL, kwa sudo, nikaongeza:

[automount]
options = "metadata"

Kisha nikaizima WSL kwa wsl --shutdown kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows. Mara ya kwanza nilifunga dirisha tu na kulifungua tena, nikapoteza karibu saa nzima nikidhani nimekosea herufi! Baada ya kuizima kweli, chmod 600 ikashika na seva ikanipokea.

Hata hivyo ufunguo nimeshauhamishia ~/.ssh, upande wa Ubuntu wenyewe, ambako chmod inafanya kazi bila kubembelezwa. Kwenye C nimebakiza picha na nyaraka za ofisini.

Asanteni sana, hasa mkuu wa /mnt/c.