Harusi Marangu, wageni 24 kutoka nje: nishike nini, niachie nini?

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Tunafunga ndoa Agosti, kanisani kwetu Marangu, kule juu. Mwenzangu ni Mjerumani na upande wake wanakuja watu 24, wengi hawajawahi kukanyaga Afrika. Wazazi wanasema niwaachie wao kila kitu. Mama mkwe naye kila Jumapili ananitumia ratiba mpya ya dakika kwa dakika. Waliopita njia hii naombeni msaada, maana nimebanwa kotekote.

Bibi harusi mtarajiwa, Hamburg

*

Marahaba mdogo wangu, na hongera.

Mimi nilioa Kibosho, nikatoka huku na wageni 17. Chakula, ukumbi, mapambo, MC na matarumbeta viachie kamati. Usijaribu kuendesha kamati kwa simu. Nilijaribu, nikaishia kubishana na baba mdogo juu ya viti vya plastiki mpaka usiku wa manane. Toa mchango wako kwa mhazini mapema kama mwanakamati mwingine yeyote, halafu nyamaza. Wewe shika wageni wako tu: wanafikaje kanisani, wanajua ni saa ngapi, wanarudije kulala.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo mimi niliumbuka. Kadi yetu ilisema ibada ni saa 8 mchana. Nikaipiga picha nikawatumia. Neno "mchana" hawakulielewa, namba waliielewa vizuri sana. Saa mbili kamili asubuhi shangazi watatu wa mke wangu wameshuka kwenye teksi mbele ya kanisa, viatu vya mchuchumio na kofia, wanamkuta mama mmoja anafagia. Akawachukua hadi nyumbani kwetu, wakapewa chai, kisha wakapewa visu wamenye ndizi za machalari na wenzao. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia wapake mafuta mikononi kwanza. Kwenye picha za kanisani vidole vyao vyote vyeusi kwa utomvu. Kwa hiyo kadi ya wageni andika 14:00, na uwatajie pia saa ya kupanda gari, usiwatajie ya ibada peke yake.

Gari: kodi Coaster moja ya kwenu, isiwe ile ya kamati. Ya kamati itapitia kwaya, itapitia bibi fulani, itarudi kuchukua keki. Wageni 24 wanaenea. Ila mtume mtu aikague njia ya mwisho kutoka lami hadi kanisani wiki hiyohiyo, kama dereva anaweza kugeuza pale. Sisi yetu ilikwama kwenye kona, wageni wakamalizia kwa miguu kati ya migomba, kilima chenyewe unakijua. Agosti si masika, lakini huko juu ukungu na rasharasha haviishi, na ule udongo mwekundu ukilowa haujali umevaa nini. Waambie viatu vya kufunga, vile vya ukumbini vikae kwenye mfuko. Na sweta. Wakishazoea joto la Moshi mjini hawatakuamini, waambie tena.

Kulala: usiwaweke Arusha eti kwa sababu ya safari za mbugani. Arusha hadi Moshi tu ni kama kilomita 80 na malori yote yale, kisha ndio waanze kupanda Marangu. Kama kuna wanaotaka kupanda mlima, harusi kwanza mlima baadaye. Mmoja wetu alishuka Ijumaa, Jumamosi akashindwa kukaa wala kuinuka kanisani.

Kaka wa Kibosho, Uppsala

*

Mwanangu, kaka yako kasahau karatasi, wanaume ndivyo walivyo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla. Kanisani nako kuna matangazo ya Jumapili tatu. Ongea na mchungaji sasa hivi, usisubiri kutua uwanja wa ndege wa KIA. Uliza anataka nini: cheti cha ubatizo, cha kipaimara, barua kutoka usharika mnaosali huko. Wa mwanangu alitaka pia uthibitisho kwamba kijana hana mke kwao. Kwa Wajerumani ni ile Ehefähigkeitszeugnis ya Standesamt, ofisi yao ya kusajili ndoa, nayo hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo msiichukue mapema mno.

La pili, ndafu. Waelezeni kabla. Mbuzi mzima aliyechomwa anaingia ukumbini kwa vigelegele, kasimama, majani mdomoni, na watu wanamchezea. Sisi mgeni mmoja asiyekula nyama alitoka nje analia. Angejua mapema angekaa meza ya nyuma akala kiburu chake, ndizi na maharage, kwa amani. Na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kama ukumbi ni wa kanisa mwulize mchungaji. Sisi tulikatazwa, tukainywea nyumbani jioni, na ndiko harusi yenyewe ilikokuwa.

Mabega wazi kanisani wachukulie khanga, nunua doti chache pale sokoni Moshi. Na choo, jamani. Nenda ukakione mwenyewe, au tuma mdogo wako mwenye macho.

Mama wa Machame, Minnesota

*

Asanteni sana, wote.

Nimempigia mchungaji leo. Anataka karatasi zote mezani mwisho wa Juni, na matangazo yataanza Julai. Coaster nimeshaiulizia, dereva ni wa Marangu Mtoni na ile kona anaijua. Ratiba ya mama mkwe nimembakizia mistari mitatu: gari linaondoka 12:30, ibada 14:00, gari linarudi 22:00. Kanijibu kwa kuuliza kati ya hapo kunatokea nini. Nimemwambia kamati inajua.

Nimemwuliza mama kuhusu ndizi. Anasema zitamenywa Ijumaa jioni, visu vipo, na mafuta atayaweka mezani.

Bibi harusi mtarajiwa, Hamburg