Reli ya mjini kila siku mnaipeleka uwanja wa ndege. Fuoni hamuioni?

Assalamu alaikum wanajamvi. Nimevumilia sana, leo basi.

Kila ukifunguliwa mjadala wa treni ya mjini hapa Unguja zinatundikwa ramani, na ramani zote ni ile ile. Mstari unatoka uwanja wa ndege, unapita Kilimani, unaingia Mji Mkongwe. Mwenye kuurefusha anaupeleka Fumba. Mwenye kuurefusha zaidi anaupeleka Nungwi kwenye mahoteli. Watu wanagombana kurasa nzima kituo kiwe Forodhani au Malindi. Mstari wa Fuoni hakuna hata mmoja aliyeuchora.

Jamani, mji huu wanakaa nani? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na hawakuongezeka Shangani wala Vuga, huko hakuna pa kuweka hata banda. Wamejenga Fuoni, Kinuni, Magogoni, Kijitoupele, Tomondo, mpaka Mwera. Asubuhi wote hao wanasukumwa upande mmoja: Mwanakwerekwe, Amani, Michenzani, Darajani. Jioni wanarudi njia hiyo hiyo.

Njooni Darajani magharibi ikikaribia muone. Gari imeandikwa Fuoni ubavuni, konda anapiga kelele "Kwerekwe mwisho! Kwerekwe mwisho!" Ruti imekatwa mchana kweupe. Unashuka Mwanakwerekwe, unatafuta gari nyingine, unalipa mara ya pili. Mama ana kikapu na mtoto mgongoni, naye anashushwa vile vile. Binti yangu anasoma skuli mjini. Gari zinampita kituoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, konda anamwambia ngoja inayokuja, na inayokuja nayo inamwambia hivyo hivyo. Anafika nyumbani isha imeshaadhiniwa. Mtoto wa kike! Kisha nafungua simu usiku nakuta watu wazima wanabishana kama treni ya uwanja wa ndege iwe na sehemu ya kuwekea masanduku.

Kaka mmoja alinijibu kwamba treni lazima ianzie penye pesa, yaani kwa watalii. Haya, tulitazame hilo. Mtalii akishuka kwenye ndege anakwenda wapi? Anakwenda Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani. Gari ya hoteli inamsubiri mlangoni, inampakia na mizigo yake, imeondoka. Anayelala Mji Mkongwe yuko kilomita chache tu kutoka uwanjani, na daladala za 505 zinakwenda huko tangu zamani. Treni ya mjini hujengwa kwa ajili ya maelfu ya watu wanaopanda kila siku, asubuhi na jioni, mvua na jua. Mtu anayepita mara mbili, siku ya kuja na siku ya kuondoka, hawezi kuijaza. Mfanyakazi wa Kinuni ataijaza kila siku.

Na si jambo geni kwetu. Sayyid Barghash aliweka reli kutoka mjini mpaka kasri lake la Chukwani. Ilikuwa njia ya mfalme kwenda kwenye nyumba yake, na alipofariki 1888 haikumshughulisha mtu tena. Kisha kampuni ya Kimarekani ikajenga reli ya Bububu, maili 7, ikafunguliwa 1905. Hiyo ilibeba abiria mpaka 1922, kwa sababu wenyeji waliipanda, watu wa shamba wakija mjini na kurudi. Reli mbili, kisiwa kimoja, na tofauti ilikuwa ni nani anapanda. Sasa nyinyi mnatuchorea tena ya Chukwani.

Wanaotaka treni ipite chini ya ardhi sitawajibu kwa urefu. Darajani ilikuwa maji, mkono wa bahari ukiingia mpaka ndani na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa. Mwanakwerekwe kila masika tunajua maji yanafika wapi. Chimbeni basi.

Umeme wa kuiendesha treni nao mmeufikiria? Wa kwetu unakuja kwa waya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya ulipoharibika Disemba 2009 Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010. Na vipuri je? Addis Ababa walifungua treni yao ya mjini 2015, mistari miwili, takriban kilomita 34, kila mtu akaisifu. Haikupita miaka mingi treni nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Nao ni mji wa mamilioni ya watu.

Ninachokitaka mimi ni kwamba mjadala wa kupanua usafiri wa mji uanzie barabara ya Fuoni, Mwanakwerekwe, Amani, Darajani. Iwe mabasi makubwa yenye njia yao peke yao, kama mwendokasi iliyoanza Dar es Salaam 2016 kutoka Kimara. Najua mtasema mwendokasi inajaza watu mpaka milangoni. Ni kweli inajaza, mabasi ni machache, na hilo ni la kujifunza kabla hatujaanza: anayepewa njia apewe na idadi ya mabasi, na akikatisha ruti leseni iondoke. Baadaye watu wakiyazidi mabasi, hapo tuzungumze reli, na ipite hapo hapo walipo watu.

Msinitajie madaraja ya juu ya Amani na Mwanakwerekwe. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini daraja la juu linamfaa aliyekwisha kupata gari. Aliyesimama kituoni na mwavuli halimletei gari.

Na wale mnaosema Fuoni ni "uswahilini, barabara nyembamba, fidia itakuwa kubwa": fidia inazidi kuwa kubwa kila mwaka tunaochelewa, maana watu wanajenga mpaka kwenye ukingo wa lami. Njia ikitengwa leo itagharimu nyumba chache. Ikingoja sensa nyingine itagharimu mitaa.

Basi wa Fuoni, Kinuni, Magogoni, Tomondo, Mwera, andikeni hapa chini: mnapanda gari wapi, saa ngapi, na huwa mnashushwa wapi kabla ya kufika. Ramani tuichore kwa hayo. Wa uwanja wa ndege uzi wenu upo, tuachieni huu.